Vitabu Vyote vya Bluu

Mwalimu alikutwa chini ya daraja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amelala kifudifudi kando ya baiskeli yake. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Spana yake ya kukazia magurudumu ilikuwa hatua mbili tu kutoka mwilini, na maji ya mvua yalikwisha kuosha nusu ya damu.

Hakuwa na kitu cha kuibiwa. Alipostaafu ualimu alinunua baiskeli ya magurudumu matatu, akafunga sanduku la mbao mbele, akalijaza vitabu na kuanza kuwaazimisha watu wanaolala nje. Hakudai kitambulisho. Aliandika jina la utani na mahali unapolala, ukaweka sahihi, ukaenda zako na kitabu.

"Nani alimwona kwanza?" Inspekta aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi asubuhi, na kusema kweli hata jioni.

"Mimi, mwanangu." Aliyejibu ni bikizee waliyemwita Bibi Miwani, kwa ajili ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Nilikuja kurudisha kitabu."

"Aligombana na mtu?"

"Mwalimu? Huyu ukimkanyaga, anaomba radhi yeye."

"Kuna kilichoibwa?"

Bibi Miwani alichungulia ndani ya sanduku. Alilijua kama jikoni kwake, enzi alipokuwa na jiko. "Cha hesabu hakipo. Cha kilimo cha vitunguu. Cha ramani. Cha magonjwa ya ng'ombe."

"Ng'ombe na vitunguu," alisema koplo. "Mwizi anafungua shamba."

Inspekta hakucheka. "Vinafanana kwa lipi, bibi?"

"Kwa lolote havifanani." Akafikiri. "Labda majalada. Vyote vya bluu."

Adhuhuri, wataalamu wa alama za vidole walipiga simu: kwenye kifuniko cha sanduku kulikuwa na alama ya dole gumba yenye damu. Inspekta alifungua daftari la waazimaji lililobaki ndani ya sanduku.

"Anayejua kusoma huchukua kitabu anachokitaka," alisema. "Huyu alijua rangi tu, akazoa vyote vya bluu."

Koplo alipekua. Kurasa zilijaa sahihi. Waliotia dole gumba badala ya sahihi walikuwa wawili: kipofu mmoja aliyesomewa na wenzake, na fundi viatu wa baraza la ghala la zamani.

"Kipofu haijui bluu," alisema koplo polepole.

"Umeamka sasa."

Mstari wa mwisho wa daftari, wa jana yake, ulisema: *Habari ya Fundi, kimeandikwa kwa mkono, jalada la bluu. Mke wa Fundi, bweni la wanawake.*

Walimkuta Fundi anashona soli. Alama ya dole gumba lake ililingana na ile ya kwenye kifuniko. Vitabu vinne vilikuwa ndani ya gunia la zana, chini ya ngozi na nyundo. Alipofikishwa kituoni alikaa ameinamisha kichwa.

"Unajua kusoma?"

"Sijui."

"Ulitaka kitabu gani?"

Fundi alibandua gundi iliyokauka vidoleni.

"Njia ya mwongo fupi, Fundi. Na wewe umeshafika mwisho wake."

"Changu," alisema. "Nilitaka changu."

Akaeleza. Miaka sita nyuma nyumba yao iliungua, na binti yao wa pekee ndani. Mkewe alikuwa amekwenda kuteka maji. Fundi alimwambia kwamba naye hakuwepo, kwamba alirudi akakuta paa limeshaanguka.

"Ukweli ni upi?"

"Nilikuwa ndani. Mtoto alikuwa ananiita. Nikakimbia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mwalimu akaniambia, toa moyoni, mimi nitakuandikia, utapumua. Nikamhadithia yote. Akaandika, akakitia jalada la bluu. Kweli nilipumua."

"Halafu?"

"Juzi Bibi Miwani ananipa pole ya mwanangu. Anasema amekisoma. Nikashangaa, kumbe Mwalimu anakiazimisha. Mke wangu amejifunza kusoma kwa Mwalimu huyo huyo, Inspekta. Kila wiki anachukua kitabu."

"Ukamfuata alfajiri."

"Nikamwomba anirudishie. Akasema hakipo, kimeazimwa, kitabu kisichosomwa kimekufa. Aliona ni sifa kwangu. Nikadhani ananificha. Spana ilikuwa pale pale."

Daftari nalo lilikuwa pale pale. Angejua herufi tu, angeona kitabu kilikokwenda, na Mwalimu angekuwa hai. Inspekta hakumwambia hilo.

"Afande," Fundi alisema, "kichukueni kabla hajakisoma. Ninyongeni, lakini asikisome."

Bweni la wanawake lilinuka sabuni ya mche na nguo zisizokauka. Mke wa Fundi alikuwa kitandani, kitabu mapajani.

"Umekisoma, mama?"

"Mara mbili. Nasoma polepole."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Nilikuwa njiani na ndoo kichwani. Nilimwona akitoka mlangoni." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilijua siku ile ile."

"Hukumwambia?"

"Angejua kwamba ninajua, angeondoka. Mtoto amekwenda, na yeye aende, ningebaki na nani?" Alilaza kiganja juu ya jalada. "Jana nilifurahi kukiona. Nikasema, amepata mtu wa kumwambia. Labda sasa ataniambia na mimi."

Inspekta alikaa kwenye kitanda cha pili. Alikuwa ametoa habari mbaya kwa miaka kumi na tisa, na hii aliianza mara mbili. Alimweleza habari ya Mwalimu, ya spana, na ya lile ombi la mwisho la Fundi.

Mwanamke hakulia kwanza. Alianza kuvaa viatu, vile alivyoshonewa na mumewe, na vidole vyake vikashindwa na kamba.

"Nipelekeni," alisema. "Nikamwambie kwamba nilijua. Asilale na jambo hilo hata leo."

Inspekta alifahamu kwamba hakuna hukumu ambayo hakimu angempa Fundi ikawa nzito kuliko maneno hayo. Aliinama, akamfunga kamba za viatu, kisha akatangulia kumfungulia mlango wa gari.