Kanda ya Wimbo wa Bomba

Kila Jumamosi asubuhi, Kasuku alipangusa vumbi kanda za kaseti za bibi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bibi naye alikuwa mwimbaji. Enzi zake aliimba sokoni na mbele ya ofisi za wakubwa akidai maji safi, mpaka mtaa ukaletewa bomba.

Jumamosi moja, mtangazaji wa redio angekuja jioni kuuchukua Wimbo wa Bomba, ule wa kudai maji, uliobaki kwenye kanda moja tu. Kasuku alipoishika kanda hiyo, alishtuka. Tundu la juu lilikuwa limezibwa kwa karatasi.

Bibi alizoea kuvunja vijino, vile vipande vidogo vya plastiki ukingoni mwa kanda, ili libaki tundu na mtu asiweze kurekodi tena. Lakini wiki iliyopita, Kasuku na rafiki yake walitaka kutangaza mpira, wakaziba tundu ili redio ya kaseti ikubali, wakarekodi. Hawakutazama hata ni kanda gani.

Akaicheza. "Gooo­li!" ikapayuka sauti yake mwenyewe. Wimbo wote ulikuwa umefutika.

"Sema kanda imeliwa na redio," akanong'ona rafiki yake, aliyekuwa akichungulia dirishani. "Nani atajua?"

Kasuku alitamani kukubali. Mara akamsikia Bibi jikoni akijaribu kuimba, akikatizwa na kikohozi. Sauti ile haikuwa ya zamani tena. Machozi yakamlengalenga, akaingia.

"Bibi, nimeufuta wimbo wako. Ni mimi."

Bibi akaketi. "Wote?"

"Wote. Nisamehe, Bibi."

"Umeniumiza, mjukuu wangu." Akamtupia kanga afute uso. "Haya, mdomo wako leo una kazi. Waite wote niliokuwa naimba nao. Na uwaambie kwa nini unawaita."

Kasuku alipita mlango kwa mlango, aibu tele. Fundi cherehani alimgombeza, mshona viatu akacheka mpaka akaangusha sindano. Lakini jioni wote walifika bombani, na ndoo zao za kupigia ngoma. Bibi alianzisha kwa sauti ya kukwaruza, wenzake wakampokea, mtaa mzima ukaitikia. Mtangazaji alirekodi huku akicheza. Bibi naye alirekodi kanda yake mpya.

"Ungeficha," Bibi alimwambia baadaye, "saa hizi mgeni wetu angekuwa anasikiliza mpira, na sisi tunatazamana. Ulisema mapema, ndiyo maana tumepata nafasi ya kutengeneza. Ukikosea tena, fanya hivyohivyo."

Akampa ile kanda mpya. Kasuku mwenyewe akavunja vijino vya kanda hiyo, kimoja kimoja.

"Na lile goli," Bibi akauliza, "alifunga nani?"