Tundu Kwenye Moyo wa Bwana Mkubwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kwanini alimpa mdogo wake dawa. Jina hilo la utani alilipata nyumbani kwa sababu maswali yake hayakuwa na mwisho. Mdogo wake naye walimwita Bwana Mkubwa: alikuwa kitindamimba, mwembamba kama ufito, lakini amri zake zilisikika nyumba nzima. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mama yao, fundi cherehani, wakati huo alikuwa ameshaanza kushona katika chumba cha mbele.

"Dada," Bwana Mkubwa aliuliza siku moja, "aliyeniumba alikusudia moyo wangu utoboke?"

Kwanini alikuwa na uchungu. Rafiki yao wa kliniki, aliyeugua ugonjwa uleule, alikuwa amezikwa jana yake.

"Hakuna aliyekuumba," alisema kwa hasira. "Umetokea tu, kama vumbi."

Bwana Mkubwa aligeukia ukutani. "Basi sinywi. Vumbi halinywi dawa."

Alimbembeleza, akamtania, wapi! Kesho yake ikawa vilevile. Siku zote mbili Kwanini aliimwaga dawa kwenye karai, akamwambia mama kwamba mgonjwa amekunywa.

Siku iliyofuata alitoka shuleni akamkuta mama amembeba mtoto mgongoni, anakimbilia barabarani kutafuta gari. Miguu ya Bwana Mkubwa ilikuwa imevimba, midomo imegeuka rangi, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

Hospitalini daktari alikunja uso. "Dawa anakunywa?"

"Kila siku, daktari," mama alijibu.

"Basi imeshindwa kazi. Itabidi tumpe nyingine, na hiyo ni kali sana kwa mwili huu."

Kwanini alisogea mbele ya daktari. "Hajanywa," alisema. "Niliimwaga. Mama, nilikudanganya."

Mama alimtazama kama asiyemfahamu. Daktari hakupoteza muda. Alimwita muuguzi, akaagiza dawa ileile kwa sindano. Mlango ukafungwa.

Wakiwa kwenye benchi, Kwanini alieleza yote kwa kwikwi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nashona," hatimaye alisema. "Sijaona shati lililojishona. Nikitazama jua linavyoshika njia yake, na wewe unavyofikiri mpaka unanichosha, siamini kwamba hakuna aliyekusudia."

"Lakini mama, shati likitoka na tundu, analaumiwa fundi."

 Machozi yakamtoka mama.

"Hilo sina jibu lake, mwanangu. Nimemuuliza Mungu, tena kwa ukali kuliko wewe. Wapo watu wenye akili zao wanaosema hakuna wa kuulizwa. Mimi bado namuuliza."

Jioni muuguzi aliwaita. Bwana Mkubwa alikuwa anapumua taratibu. Kwanini alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikujibu kwa hasira," alisema. "Ukweli ni kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba nataka uwepo."

Mdogo wake alimgeukia. "Nipe maji," akanong'ona. "Na dawa nitakunywa."

Walipotoka nje, mama alimshika Kwanini bega. "Kuuliza si kosa, hata swali likimhusu Mungu. Ulikosea pale ulipompa mgonjwa hasira yako ukaiita jibu, kisha ukanificha ukweli. Siku nyingine usipojua, sema hujui, halafu usiondoke. Kaa naye."