Jina la Regina Msalabani

Mtoto huyu ni Regina. Anakaa na baba yake huko milimani, kwenye mashamba ya kahawa.

Bibi yake naye alikuwa Regina. Waliitana somo, maana jina lao ni moja.
"Somo, umeamka?"
"Nimeamka, somo!"

Siku moja bibi akaugua. Mungu akamchukua.
Kengele ya kanisa ikalia. Ngoo... ngoo... ngoo...

Juu ya kaburi wakasimika msalaba. Regina akasoma herufi mojamoja.
R. E. G. I. N. A.
"Mbona hilo ni jina langu!" akawaza. "Wamelizika pamoja na bibi."

Tangu hapo, akiitwa haitiki.
"Regina! Njoo, uji unapoa!"
Kimya.
"Wee Regina! Masikio umemwazima nani?"
Kimya. Machozi tu. Ndo, ndo, ndo.

Jioni moja alikwenda kaburini peke yake. Akachota matope, akalipaka jina lote.
"Msalaba, nirudishie jina langu!"

Msalaba haukusema kitu.
Regina akakimbia nyumbani. Moyo unampiga. Du, du, du.

"Baba, nimekosa. Nimelipaka matope jina la bibi."
Macho ya baba yalilowa.
"Kwa nini, mama?"
Baba humwita mama, maana ana jina la bibi, mama yake baba.
"Nalitaka jina langu. Limezikwa."

Baba akabeba ndoo ya maji. Wakaenda wote, wakaosha. Chwa, chwa, chwa. Ikatokea R. Mwisho ikatokea A.

"Hili ni jina la Kilatini," baba alisema. "Zamani sana, ng'ambo ya bahari, watu wa Roma walimwita hivyo mwanamke anayetawala. Maana yake malkia."

"Halafu?"
"Halafu Wakristo wakamwita hivyo Mama wa Yesu. Mapadre wakalileta huku kwetu. Bibi akabatizwa nalo. Naye akakupa wewe."

"Yeye akabaki bila jina?"
"Jirani akija kuomba moto, tunampa kijinga kinachowaka. Moto wetu huzimika?"
"Hauzimiki."
"Basi na jina ni hivyohivyo, mama."

Regina akaugusa msalaba.
"Bibi alikuwa na taji?"
"Alikuwa na ngata ya kanga kichwani, chini ya ndoo ya maji."

Regina akacheka kidogo. Kisha akalia sana.
"Baba, malkia hulia?"
"Hulia. Hata mimi nalia."
Wakalia wote wawili.

Usiku baba aliisokota kanga ya bibi. Ikawa ngata. Akamvika Regina kichwani.
Wakapiga magoti.
"Mungu, mpumzishe somo yangu. Na yale matope, nisamehe. Amina."

Baba akapuliza taa. Fuu!
"Regina?"
Regina akaigusa ngata.
"Abee, baba."
"Lala, mama."