Zoezi la Saba

"Huyu ni mume wangu. Anapenda chai bila sukari."

Mwalimu alitabasamu, akaweka alama ya vema. Mwanafunzi wake, mgeni anayejifunza Kiswahili kwa simu, alikuwa amepiga hatua kubwa. Programu ya masomo ilitoa maksi yenyewe, lakini mwalimu hakuiamini hata chembe. Kila sauti aliisikiliza kwa masikio yake.

Mara, nyuma ya sauti ya mwanafunzi, mwanamume akacheka.

"Polepole, malkia. Hakuna anayekusikiliza, ni mashine tu."

Mwalimu akasimamisha rekodi. Akairudia mara nne. Sauti ilikuwa ya mchumba wake, fundi aliyeitengeneza programu yenyewe. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

Akampigia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, malkia. Mitambo imegoma tangu asubuhi."

"Pole. Chai umekunywa?"

"Bila sukari. Si unanijua?"

"Nilidhani nakujua. Fungua zoezi la saba, mwanafunzi wa kumi na nne. Sikiliza mpaka mwisho."

Fundi akaifungua rekodi. Kwa mbali, kupitia simu, mwalimu akasikia kile kicheko.

"Nilikukataza kusikiliza! Mashine ndiyo inayosahihisha!"

"Na mimi nilikwambia mashine yako ni kiziwi. Ukanicheka."

"Tulia nikueleze. Yule ni..."

"Mkeo. Kasema mwenyewe, tena kwa ufasaha."

Fundi akashusha pumzi.

"Tulifunga ndoa mwaka jana. Ningekuambia baada ya Jumamosi."

"Baada ya kuniweka ndani! Mwanamume mzima, huna haya wala soni!"

"Nakuomba, usimwambie. Ana mimba."

Mwalimu alikata simu, akalia. Dada yake akachungulia mlangoni, gauni jeupe mkononi.

"Bibi harusi, njoo ulijaribu. Kiuno kimepunguzwa."

"Lirudishe, dada."

"Hata hujalijaribu!"

"Bwana harusi ana mke."

Dada akakaa kitandani, gauni likamteleza mikononi hadi sakafuni. Hakuna aliyeliokota.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa mwanafunzi: "Mwalimu, nimefaulu? Zoezi la nane ni lipi?"

Mwalimu alifuta machozi kwa kiganja. Aliwaza ile mimba, kidole kikasita juu ya kitufe cha kurekodi. Kisha akabonyeza.

"Umefaulu, mdogo wangu. Zoezi la nane: muulize mumeo, Jumamosi anamwoa nani? Jibu lake nirekodie."