Fungu la Njiwa Mkubwa

Sogeeni karibu, tegeni masikio. Mize aliishi na bibi yake kisiwani, pembeni mwa msitu mzito.

Kila jioni Bibi alimwaga konzi ya mchele juu ya jiwe. Aliliita fungu la njiwa mkubwa.

Mize alijipa kazi ya kulilinda. Tetere, kindege mdogo wa kijivu, alikuja. Tu-tu-tu.

"Shii! Si lako," Mize alimwambia. Tetere akaruka, purrr, akaenda zake na njaa.

Lakini njiwa mkubwa hakuja. Asubuhi mchele ulikuwa palepale, umelowa umande. Mize alitamani sana kumwona.

Basi jioni moja alikutanisha viganja mdomoni, akaita.

Kuu-ruu, kuu-ruu.
Msitu kimya.

Akaingia ndani kidogo. Hata jani halikutikisika.

Kuu-ruu, kuu-ruu.
Msitu kimya.

Akaingia ndani zaidi. Akaita tena, polepole.

Kuu-ruu, kuu-ruu.

Kitu kikajibu kutoka gizani. Kuu-ruu... kuu-ruu...

Mize akaikimbilia ile sauti. Akakuta pango. Lilikuwa tupu, lina baridi, na lilimrudishia sauti yake mwenyewe.

Mize akalia. Bibi akamsikia, akaja, akamshika mkono.

Njiani Bibi akamsimulia. Zamani watu waliita vivyo hivyo, kwa viganja. Njiwa walidhani mwenzao anawaita.

Wakaja. Wakaja. Watu wakawakamata, wakawala. Kisha siku moja watu wakaita, na msitu ukawa kimya.

"Hatarudi, Bibi?"

"Harudi, mjukuu wangu. Wameisha wote."

"Sasa lile fungu ni la nani?"

"La ndege waliobaki," Bibi alisema. "Njiwa mkubwa tunamkumbuka kwa jina tu."

Mize alimkumbuka tetere, akaona haya.

Kesho yake jioni Mize alimwaga mchele mwenyewe. Akakaa mbali, kimya.

Tetere akaja. Akasimama kwenye tawi. Alimwogopa Mize.

Mize alitaka sana kumwita. Viganja vikapanda, vikakaribia mdomo.

Akavishusha. Akavificha mgongoni.

Tetere akashuka. Do, do, do. Akadonoa mchele wote.

Giza likaingia. Bibi akamfunika Mize shuka, akapunguza taa.

Nje, kwenye msitu mzito, sauti ndogo ikasikika.

Tu-tu-tu. Tu-tu-tu.

Mize hakujibu. Alitabasamu tu, mikono yake ndani ya shuka, akalala.