Uvimbe Nyuma ya Goti

"Mke wangu hatafunuliwa miguu mbele ya baba yangu mdogo," Asukile alisema, sauti yake ikifika mpaka kwa majirani.

Tupokigwe, dada wa mkewe, hakurudi nyuma. "Nani kasema miguu, shemeji? Ni goti. Hata kuku ana goti."

Jamani, mliosikia kelele zile mwaka wa hamsini na tisa, kule milimani juu ya Mbeya, mlidhani ni pombe. Haikuwa pombe. Tusekile, mke wa Asukile, alikuwa kitandani katikati yao, anasikia kila neno.

Zamani jembe la Tusekile lilikuwa linaaibisha wanaume. Halafu nyonga zikaanza kuuma, akawa anatembea kama bata, watoto wanamwiga, naye anacheka nao. Baadaye akakohoa tu, ubavu ukavunjika. Kimo kikapungua. Wakwe wakasema ni uvivu, wengine wakasema kuna mtu anamla mifupa usiku.

Mwisho akapelekwa Iringa, hospitali ya misheni. Mzungu akampiga picha, akasema mifupa imelainika kama muhogo uliolowekwa. Akampa mafuta ya samaki. Wapi. Ndipo akauliza kama mgonjwa ana uvimbe wowote, hata mdogo kama harage, maana alikuwa amesoma kwamba kuna uvimbe mwingine unamwaga kitu kwenye damu, mifupa inalainika. Ukikatwa, mifupa inakomaa tena.

Tusekile alikuwa nao, nyuma ya goti. Lakini mkalimani alikuwa Danieli, mdogo wake baba mkwe, naye ni mkwe vilevile. Na kwetu Wanyakyusa mnajua wenyewe: mkamwana hamtazami mkwe, hasemi naye, hata njiani anamkwepa. Tusekile akajifunika uso, kimya. Danieli naye, kwa adabu hiyohiyo, alikuwa amekipa kitanda mgongo. Akamjibu daktari kwamba hakuna.

Akarudishwa nyumbani. Siku mbili kabla ya kelele zile, Tupokigwe alipomwogesha ndipo akauona ule uvimbe, akaambiwa yote. Akaita vijana wenye machela wamshushe barabarani, wawahi basi la Iringa, kwa sababu daktari yule alikuwa anarudi kwao Ulaya wiki ile, na mwingine mwenye habari hizo hawakumjua.

"Kwa hiyo nikaseme baba mdogo kamdanganya Mzungu?" Asukile akauliza. "Afukuzwe kazi kwa ajili ya goti?"

"Kwa hiyo afe, ili mzee abaki na kofia yake ya kazi?"

Tusekile akajikaza. Kugeuka tu kulimtoa jasho. "Baba Jailos," akamwambia mumewe, taratibu, "uso nitaufunika. Goti tu walione."

Tupokigwe alianza kukunja blanketi, akidhani yameisha.

"Ukoo utaniona mtu gani?" Asukile akasema.

Akachukua koti, akatoka kuwaambia wenye machela waende zao, akafunga mlango.

FUNZO

Ndugu zangu, adabu kwa wakwe ni nzuri, sisemi tuitupe. Ila ugonjwa haujui mkwe. Mgonjwa akishindwa kusema mbele ya fulani, mtafutieni mwingine wa kusema naye, mapema, na asiwepo wa kuona aibu kwa niaba yake. Tusekile hatukumzika kwa kukosa dawa wala daktari. Swali aliulizwa, jibu alikuwa nalo mwilini, na sisi wote tukaona bora heshima.