Mifupa Iliyopewa Jina la Babu

Mambo haya yalimpata mjomba wangu Gona, mwaka wa arobaini na saba, na mjomba hakuwa mtu wa kuzua. Mtu aliyeshindwa kumficha mkewe hata mahali alikokunywa tembo, angewezaje kutunga haya?

Asubuhi ile ilikuwa kama asubuhi yoyote. Wachimba mawe wa Kisauni walikuwa wamegonga mfupa mrefu kuliko mlango, uliokwisha geuka jiwe. Mzungu mmoja mtaalamu akaja, akasema ni wa dinosaria, mnyama aliyekufa kabla binadamu hawajakuwapo. Akawaajiri mjomba, Rashid wa Likoni na wengine wanne wamfukue mzima.

Sasa, mjomba ni Mgiriama. Alivyolelewa yeye, aliyelala ardhini hafukuliwi hivi hivi. Humwagiwa tembo kidogo na kuitwa kwa jina lake. Huyu aliitwa nani? Mjomba alisita, kifuu cha tembo mkononi, halafu akamwazima jina la marehemu baba yake.

"Nzai, pokea. Usitudhuru."

Kosa lilikuwa hapo. Mkewe, Nyamvula, alikuwa na mimba changa. Watoto wao wawili wa mwanzo walizaliwa wamekufa. Huyu akizaliwa mvulana, kwa desturi angeitwa Nzai, jina la babu yake. Mjomba hakulifikiria hilo, na kusema kweli mimi hasira juu yake hazijanitoka.

Kazi ikaendelea kwa miezi. Walichimbua kwa patasi na brashi, wakavika kila mfupa karatasi iliyoloweshwa na magunia yaliyochovywa kwenye plasta inayoganda, wakaupeleka kwenye banda la mabati huko Mtopanga. Bandani wakaupasulia gamba lake la plasta, wakausafisha, wakaunga nyufa kwa gundi. Kisha wakaanza kumsimamisha mnyama kwenye vyuma, kuanzia miguu.

Siku miguu iliposimama, mtoto aliacha kucheza tumboni. Siku ya mbavu, Nyamvula alivuta pumzi kwa shida mpaka jioni. Mjomba akawa hali, hakai, hatulii. Akishika patasi anaiweka, akiiweka anaishika tena.

"Gona," Rashid alimnong'oneza, "wallahi huyu simpendi. Kila nikimpa mgongo nahisi anavuta pumzi."

Uchungu ulimshika Nyamvula asubuhi ambayo kichwa tu ndicho kilichobaki. Bi Mbeyu, mkunga, alimpapasa tumbo kwa muda mrefu. Akatoka nje, akamvuta mjomba kando.

"Jina la mtoto umempa nani?"

"Nimeliazima tu, mama."

"Basi kaliombe. Mtoto haji bila jina lake."

Mjomba alifika bandani saa sita mchana. Hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa wamekwenda kula.

Kichwa kilikuwa juu.

Asubuhi walikiacha sakafuni. Kukiinua kulihitaji wanaume sita, na wa sita alikuwa yeye.

"Nzai," akanong'ona. "Nirudishie jina la mwanangu."

Mabati yakalia kwa joto. Halafu vyuma. Kimoja. Kingine.

"Nipe mwanangu," akasema, machozi yakimtiririka. "Vyovyote. Ila awe hai."

Vyuma vikanyamaza. Mjomba akageuka atoke. Sakafu ilikuwa na vumbi jeupe la plasta, na vumbini mlikuwa na nyayo. Ndogo. Za mtoto. Zilianzia chini ya mnyama, zikampita yeye ubavuni, zikaelekea mlangoni. Hazikurudi.

Alikimbia hadi nyumbani. Hajafika uani, akasikia mtoto analia. Ndani, Nyamvula alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Gona, mvulana! Mzima!"

Mjomba alipiga magoti, akalia kwa furaha. Simlaumu. Nani asingelia?

Bi Mbeyu peke yake hakucheka. Alimbeba mtoto hadi dirishani, akamwita mjomba kwa kidole.

"Alitoka wa baridi, kama wenzake," akanong'ona. "Nikamfunika. Nikakaa nikitafuta maneno ya kumwambia mamake. Halafu akalia."

Akafunua nguo, akauchukua mkono wa mjomba, akaupitisha kwenye nyayo za kile kichanga.

Zilikuwa ngumu. Visigino vilikuwa vimepasukapasuka, vina magaga ya mtu aliyetembea peku miaka na miaka.